Kunde, Soya na Mifupa Yetu

Ndugu msomaji, hapa mkoani Singida nani asiyezijua kunde? Ugali wa mtama au wa uwele, na mboga ya kunde pembeni, ndicho chakula tulichokulia. Tunalima pia choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe na karanga. Tunakula, na ziada tunauza. Mazao haya yote ni ndugu. Wataalamu wa kilimo huyaita mazao ya jamii ya kunde. Soya nayo ni ndugu yao.

Siku hizi kuna maneno mapya yanayopita minadani. Watu wanasema ati ndani ya soya na kunde mna dawa ya mifupa. Wengine wanauza vidonge na unga kwenye makopo, na kuwaambia kina mama wazee: "Mama, kunywa hii, mgongo utanyooka." Wengine nao wanatisha kwa upande wa pili: "Mwanamume akila soya, atageuka mwanamke."

Je, lipi ni kweli na lipi si kweli? Hili si swali la mchezo. Bibi akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena. Wakati mwingine huanza kulala kitandani, na kitanda kikamletea magonjwa mengine mpaka akafa. Tena, mama akiuza mbuzi ili anunue kopo, mbuzi amekwenda. Kama kopo halikumsaidia, amepoteza mbuzi na mifupa imebaki vile vile.

Basi tulisome jambo hili polepole. Yapo ya kweli ndani yake, na yapo yaliyotiwa chumvi.

MFUPA NI KITU HAI

Watu wengi hudhani mfupa ni kama jiwe. Sivyo. Mfupa ulio ndani ya mwili ni kitu hai. Unajengwa na kubomolewa kila siku.

Fikiri juu ya nyumba ya tembe. Tembe iliyojengwa vizuri hudumu miaka mingi, lakini haidumu kwa kuachwa tu. Kila kiangazi mwenye nyumba hupanda juu akatazama paa. Udongo uliolegea huuondoa, akaweka mpya. Mti ulioliwa na mchwa huutoa, akatia mwingine. Kama udongo unaondolewa bila kurudishwa, mvua za kwanza tembe itavuja. Mvua za pili itaanguka.

Mfupa nao ni hivyo hivyo. Ndani yake wamo wafanyakazi wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wanaitwa seli. Seli za aina moja hubomoa mfupa wa zamani. Seli za aina nyingine hujenga mfupa mpya mahali pale. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubadilishwa kila mwaka.

Miti ya nyumba hii ni protini. Udongo wake ni madini, hasa madini yanayoitwa kalsiamu. Hayo ndiyo madini yaliyomo pia katika chokaa. Karibu kalsiamu yote ya mwili wetu, yaani sehemu 99 katika kila 100, imo ndani ya mifupa na meno.

Mtoto na kijana hujenga kuliko kubomoa. Mifupa yake hukua na kuwa mizito mpaka anapokaribia miaka 30. Baadaye ubomoaji huanza kuupita ujenzi kidogo kidogo. Mifupa ikipungua sana, ndani yake hubaki na matundu mengi kama mkate. Kwa nje inaonekana mizima, lakini haina nguvu. Hali hiyo wataalamu huiita osteoporosisi. Haiumi, wala haipigi hodi. Mtu huijua siku anapojikwaa kidogo tu na mkono au nyonga kuvunjika. Wengine mgongo hupinda na kimo hupungua.

ESTROJENI NI NINI?

Ndani ya mwili mna vitu vinavyopeleka habari, kama vile mjumbe wa nyumba kumi alivyopeleka habari za mkutano kwa watu wake. Vitu hivyo huitwa homoni. Husafiri ndani ya damu na kuziambia sehemu za mwili nini cha kufanya.

Homoni moja huitwa estrojeni. Mwanamke anayo nyingi, na mwanamume anayo kidogo. Estrojeni ndiyo inayomfanya msichana avunje ungo, na ina kazi kubwa katika uzazi. Lakini ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Huziambia seli zinazobomoa mfupa: "Taratibu! Msibomoe upesi."

Mwanamke anapofikia umri wa miaka kati ya 45 na 55, hedhi hukoma. Estrojeni hupungua sana mwilini mwake. Sasa wabomoaji hawana wa kuwazuia. Katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya mifupa yake. Ndiyo maana kina bibi huvunjika mifupa kuliko kina babu. Hakuna aliyewaroga, wala hawakukosea kitu. Ni maumbile.

KONDOO WALIOACHA KUZAA

Sasa tutazame hiyo estrojeni ya mimea. Iligunduliwa vipi kwamba ina nguvu? Habari hii itawavutia wafugaji.

Nchi ya Australia, upande wa magharibi, ina wafugaji wengi wa kondoo. Wafugaji wa huko walipanda majani ya malisho yanayoitwa klova. Klova ni jamii ya kunde. Majani yalistawi vizuri, na kondoo wakanenepa. Lakini katika miaka ya 1940 jambo la ajabu likatokea. Kondoo majike wengi hawakushika mimba. Wengine walipata shida wakati wa kuzaa, na wana-kondoo wakafa. Madume yalikuwa mazima, na ugonjwa wa kuambukiza haukuonekana.

Mwaka 1946 wataalamu wa mifugo wa huko waliandika habari za ugonjwa huo na kuonyesha kwamba chanzo ni klova. Ndani ya majani yale mlikuwa na kitu ambacho tumbo la kondoo hukigeuza kuwa kitu kinachofanana na estrojeni. Kondoo walikuwa wakila klova asubuhi mpaka jioni, miezi na miezi, karibu bila majani mengine. Mwili wa kondoo ukapokea habari za uongo, na uzazi ukaharibika.

Tangu hapo dunia ikajua kwamba mimea mingine ina vitu vinavyofanana na estrojeni. Tutaviita estrojeni za mimea. Zilizo katika jamii ya kunde, hasa soya, huitwa isoflavoni.

Mmea wenyewe haukuzitengeneza kwa ajili yetu. Ng'oa mche wa kunde uliostawi, utazame mizizi. Utaona vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuupa mmea chakula. Ndiyo maana mtama unaofuata baada ya kunde hustawi. Vitu vya jamii hii ya isoflavoni ni kama wito wa mmea kwa bakteria hao: "Karibuni, njooni mizizini." Tena husaidia kuukinga mmea na kuvu. Kufanana kwake na homoni yetu ni jambo lililotokea tu.

UFUNGUO UNAOFANANA

Estrojeni ya mwili ni kama ufunguo, na seli zina kufuli. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, seli hupata habari yake. Estrojeni ya mmea ni ufunguo unaofanana na huo, lakini si wenyewe. Unaingia kwenye kufuli, ila unazunguka kidogo tu. Nguvu yake ni ndogo sana kuliko ya ufunguo halisi.

Kuna jambo jingine. Baadhi ya watu wana bakteria tumboni wanaoweza kuigeuza estrojeni ya soya iwe na nguvu zaidi. Wengine hawana bakteria hao. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kula bakuli moja la soya, na miili yao ikapata vitu tofauti.

Sasa wataalamu wakajiuliza hivi. Estrojeni ya mwanamke ikipungua mifupa hudhoofika. Je, estrojeni ya mimea haiwezi kushika nafasi yake? Waliona pia kwamba wanawake wazee wa Japani huvunjika nyonga kwa uchache kuliko wanawake Wazungu wa Marekani. Na Wajapani hula soya sana. Hapo ndipo maneno ya dawa ya mifupa yalipoanzia. Hayakutoka hewani.

Lakini tahadhari! Wajapani hula samaki pia. Wengi wa wazee wao walizoea kukaa sakafuni na kuinuka mara nyingi kwa siku, na hiyo ni kazi kwa miguu na nyonga. Ukiona mambo mawili yanakwenda pamoja, usiseme upesi kwamba moja limezaa jingine. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jogoo hakulivuta jua.

WATAALAMU WALIPOJARIBU

Katika mji wa Shanghai, nchini China, wataalamu waliwafuatilia wanawake zaidi ya 24,000 waliokwisha koma hedhi. Waliwauliza wanakula nini, kisha wakahesabu waliovunjika mifupa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Wanawake waliokula vyakula vya soya kwa wingi walivunjika mifupa kwa uchache kuliko waliokula kidogo. Tofauti ilikuwa kama theluthi moja. Hii ni habari njema. Lakini kumbuka, wanawake wale walikula soya kama chakula, na wengi wao waliizoea tangu utotoni. Hawakunywa vidonge.

Na vidonge je? Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani. Wanawake 248 wa umri wa miaka 45 mpaka 60 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kila siku vidonge vyenye miligramu 200 za isoflavoni za soya. Kundi la pili lilipewa vidonge vinavyofanana kwa nje, lakini visivyo na kitu ndani. Hakuna mwanamke aliyejua amepewa vipi. Baada ya miaka miwili walipimwa mifupa. Hapakuwa na tofauti. Mifupa ya makundi yote mawili ilikuwa imepungua. Vile vidonge vya soya havikuizuia.

Majaribio mengine yameonyesha faida ndogo, hasa kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hatuwezi kusema isoflavoni ni bure kabisa. Tunaloweza kusema ni hili: hakuna ushahidi imara kwamba vidonge au makopo ya soya huzuia mifupa ya wazee kuvunjika. Na mgongo uliokwisha kupinda haunyoshwi na kopo lolote. Muuzaji anayeahidi hivyo anauza maneno.

KUNDE ZETU ZINA KIASI GANI?

Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Wanasikia kwamba soya ina estrojeni, wanadhani kunde, choroko na maharage ni sawa na soya. La, si sawa.

Soya kavu ina isoflavoni nyingi, mara nyingi zaidi ya miligramu 100 katika gramu 100. Kunde, maharage, dengu, mbaazi na karanga zina kiasi kidogo mno, mara nyingi chini ya miligramu moja katika uzito huo huo. Soya inazishinda zaidi ya mara mia. Wale wanawake wa Marekani walikunywa miligramu 200 kila siku. Kwa kula kunde mtu asingefika huko, hata kama angekula chungu kizima asubuhi na kingine jioni.

Soya yenyewe ililetwa nchini kwetu mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Hulimwa zaidi katika mikoa kama Ruvuma, Iringa na Mbeya. Hapa kwetu wengi huinunua ikiwa unga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukila kunde usifikiri unakula homoni. Na usiogope pia.

JE, MWANAMUME ATADHURIKA?

Wanaume wengine huikataa soya kwa sababu ya hofu. Mwaka 2010, na tena mwaka 2021, wataalamu walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa juu ya wanaume waliokula soya. Walikuta kwamba homoni ya kiume haikupungua. Baba anaweza kula soya au kunywa uji wake bila wasiwasi.

Habari ya wale kondoo isitutishe. Kondoo alikula klova peke yake kutwa nzima, kwa miezi mingi, na tumbo lake ni tofauti na letu. Sisi tunakula kunde pamoja na ugali, mlenda, maziwa na vingine.

Wapo watu wachache wanaohitaji ushauri. Anayemeza vidonge vya tezi ya shingo asivimeze pamoja na chakula cha soya, maana soya huweza kuzuia dawa isiingie mwilini vizuri. Aliyepata saratani ya matiti amwulize daktari kabla ya kutumia vidonge vya soya. Na mtoto chini ya miezi sita asipewe uji wa soya wala uji wowote. Chakula chake ni maziwa ya mama.

KUMBE KUNDE ZINA FAIDA GANI KWA MFUPA?

Zina faida kubwa, lakini si ile inayotangazwa mnadani.

Faida ya kwanza ni protini. Karibu robo ya uzito wa kunde kavu ni protini. Soya ina zaidi ya theluthi. Tulisema protini ndiyo miti ya nyumba. Bila miti, udongo utaushikiza wapi? Tena protini hujenga misuli, na mzee mwenye misuli ya miguu haanguki ovyo. Wazee wengi hula ugali na mchuzi tu kwa sababu hawana meno. Huo si mlo wa kutosha. Wapondewe kunde, wapikiwe choroko laini.

Faida ya pili ni madini, kama magnesi na fosforasi. Hayo nayo yanaingia katika ujenzi wa mfupa.

Faida ya tatu ni majani. Majani ya kunde tunayoyachuma na kuyakausha yana kalsiamu. Mama anayekausha majani ya kunde wakati wa masika anaweka akiba ya mifupa kwa ajili ya kiangazi.

Lakini kunde peke yake haitoshi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Je, atazipata wapi hapa kijijini?

1. Maziwa. Kikombe kikubwa kimoja kina kama miligramu 300. Maziwa ya mgando ni sawa. Wafugaji, msiuze maziwa yote mkaacha watoto na bibi bila kitu.

2. Ulezi. Katika nafaka zetu, ulezi ndio wenye kalsiamu nyingi kuliko zote. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300. Mahindi hayaufikii hata kidogo.

3. Dagaa wakavu. Wanaliwa wazima pamoja na mifupa yao, na kalsiamu imo humo mifupani. Wasage, uwatie katika mboga ya wazee na watoto.

4. Mlenda na mboga nyingine za majani ya kijani.

5. Ubuyu. Ule unga mweupe unaozunguka mbegu una kalsiamu pia. Watoto huuokota bure chini ya mti, nasi twaudharau.

Wengi wenu mnakumbuka, au mlisimuliwa na wazazi, kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Somo lake lilikuwa kula mchanganyiko wa vyakula. Somo hilo halijapitwa na wakati.

MAGADI NA MAJI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wauzaji wa makopo hawalitaji, na linahusu chungu cha kunde moja kwa moja.

Kunde na maharage makavu huchukua muda mrefu kuiva, na kuni ni shida. Kwa hiyo kina mama wengi hutia magadi ili ziive upesi. Magadi mengi ya nchi yetu yana madini yanayoitwa floridi. Maji ya visima vingine nayo yana floridi. Mkoa wa Singida ni mmoja wa mikoa ya Tanzania yenye maji ya namna hiyo katika baadhi ya sehemu.

Floridi kidogo husaidia meno. Floridi ikizidi ni adui. Watoto huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki hata kwa kupigwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mifupani. Viungo huuma na kukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Mfupa huonekana mgumu, kumbe hauna nguvu ya kweli. Watu wanaokosa kalsiamu hudhurika zaidi.

Kiwango kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 za floridi katika lita moja ya maji. Kuchemsha maji hakuiondoi floridi. Kuchemsha huua vijidudu tu, na hilo bado ni lazima.

Tufanyeje basi? Badala ya magadi, loweka kunde jioni, uzipike asubuhi. Mwaga maji uliyolowekea, weka mengine. Zitaiva upesi, kuni zitapungua, na tumbo halitajaa gesi. Na mkiona watoto wengi wa kijiji wana meno ya kahawia, ombeni serikali ya kijiji iwaite wataalamu wa maji, yaani RUWASA, waje wapime kisima. Kama kuna kisima kingine kilichopimwa kikaonekana kizuri, watoto wanywe cha huko kwanza.

TUFANYE NINI SASA?

Kinga ya mifupa ya bibi huanza akiwa msichana. Binti wa miaka 12 anayepata maziwa, dagaa na kunde anajenga nyumba atakayokaa akiwa na miaka 70. Lakini hata mzee hajachelewa.

Kwanza, kula kunde au ndugu zake kila siku, pamoja na mboga za majani na kimoja cha vyakula vile vya kalsiamu.

Pili, kama unapata soya, itumie kama chakula. Soya mbichi haifai, maana ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Itie katika maji yanayotokota, ichemke nusu saa. Menya maganda, anika mpaka ikauke, kisha saga. Kwa uji, changanya vikombe vinne vya unga wa ulezi au mtama na kikombe kimoja cha unga wa soya, kisha uupike mpaka uive vizuri.

Tatu, tembea na fanya kazi. Mfupa usiobebeshwa kazi hulegea. Mzee asikalishwe tu ndani kwa heshima. Aote jua, maana jua huusaidia mwili kuitumia kalsiamu. Achukue fimbo, azunguke boma, atazame mifugo.

Nne, acha tumbaku na punguza pombe. Vyote viwili hudhoofisha mifupa, na pombe huangusha.

Tano, zuia kuanguka. Ondoa mawe na kamba njiani kuelekea chooni. Weka taa karibu na kitanda cha mzee. Choo kiwe na mti wa kushikia.

Sita, mzee akianguka na kushindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi au umegeuka nje, usimvute wala usimkande. Mlaze, mbebeni kwa machela mpaka kituo cha afya au hospitali. Nyonga iliyovunjika haiponi kwa kufungwa vijiti.

Na muuzaji wa makopo akija, mwulize maswali matatu. Dawa hii imesajiliwa na nani? Ndani mna nini na kiasi gani? Nani ameipima, na alikuta nini? Akibabaika, mwache aende zake. Fedha ile ile inunue maziwa, dagaa na ulezi.

MANENO MAPYA

Homoni: kitu kinachosafiri katika damu na kupeleka habari mwilini.
Estrojeni: homoni ambayo mwanamke anayo nyingi, na huzuia mfupa kubomoka upesi.
Isoflavoni: estrojeni ya mimea iliyomo hasa katika soya.
Kalsiamu: madini yanayoupa mfupa ugumu.
Floridi: madini yaliyomo katika maji na magadi, ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mifupa ya mwanamke hupungua upesi baada ya hedhi kukoma?
2. Kunde na soya ni ndugu. Zinatofautiana vipi kwa kiasi cha isoflavoni?
3. Wanawake wa Shanghai na wale wa jaribio la Marekani walitumia soya kwa njia gani tofauti? Matokeo yalikuwaje?
4. Katika kijiji chenu watu hutumia magadi kiasi gani? Nani yuko tayari kujaribu kuloweka?
5. Hesabu: kopo moja linauzwa bei gani mnadani kwenu? Fedha hizo zinanunua vikombe vingapi vya maziwa, na visado vingapi vya dagaa?
6. Katika kaya zenu yupo mzee anayekula ugali bila kunde wala mboga ya maana? Kikundi kikubaliane namna ya kumsaidia kabla ya mkutano ujao.